Pikapu ya marehemu baba na bomba la kutoka Sharjah

Msomaji, ukisikia fundi akikwambia kwamba kazi ni ya saa tatu, muulize ni saa tatu za wapi. Mimi sikuuliza. Saa tatu zangu zilianza Jumamosi moja asubuhi, mwezi wa Shaaban mwaka 2022, na zilipomalizika tulikuwa tumeshaingia kumi la mwisho la Ramadhani.

Gari lenyewe ni pikapu, Toyota Land Cruiser, ile ya FJ45 yenye uso mpana na taa mbili za duara, ambayo wazee wa Pwani ya kusini hawahitaji kuelezwa. Ndani yake mna injini iitwayo 2F, aina iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1975. Silinda zake sita zimejipanga mstari mmoja kama maamuma nyuma ya imamu, ukubwa wake ni lita 4.2, huvuta mzigo bila kulalamika, na kiu yake ya petroli usiniulize. Marehemu baba aliinunua mkono wa pili mwaka 1982. Ilibeba nazi, makuti, boriti na muhogo kutoka Msambweni mpaka Mombasa. Ilibeba maharusi, nayo ndiyo iliyobeba jeneza la mama.

Baba alipofariki mwaka 2016 tulibaki wawili tu, mimi na dada yangu. Shekhe alitukalisha akatufafanulia mirathi: theluthi mbili zangu, theluthi moja yake. Shamba lilipimika, nyumba ilitiwa thamani, lakini gari huwezi kulikata ukampa mwenzio gurudumu moja na nusu ya kiti. Tukaafikiana liendelee kufanya kazi, mimi nishike usukani, na kila mwisho wa mwezi, baada ya kutoa petroli, fundi na bima, theluthi ya kilichobaki niipeleke Msambweni. Dada ni mjane mwenye watoto wanne. Theluthi hiyo ndiyo unga, ndiyo sukari, ndiyo karo ya shule. Naeleza haya mapema ili ijulikane kwamba chuma ninachokisimulia hakikuwa mchezo wa mtu mwenye fedha za kuchezea.

Taabu ilianza kwa ufa. Injini kama hii ina kipande kizito cha chuma cha kusubu kilichofungwa ubavuni mwake, mafundi wetu hukiita manifoldi. Kazi yake ni kupokea moshi wa silinda zote sita na kuutia katika bomba moja liendalo nyuma kwenye sailensa. Chuma cha kusubu kina uvumilivu mwingi, lakini kikipashwa moto na kupoa kila siku kwa miaka arubaini, huchoka. Chetu kilipasuka, ufa wa urefu wa kidole cha shahada. Gari likawa linatoa mlio wa tiki-tiki-tiki kila asubuhi likiwa baridi, na likishapata moto mlio unafifia, kwa sababu chuma hutanuka na ufa ukajibana.

Fundi wangu wa Likoni ni kijana mwenye mikono hodari na ulimi mwepesi. Gereji yake iko chini ya mwembe. Alichungulia na tochi, akajifuta mikono, akasema: "Ami, chuma cha kusubu hakichomelewi. Ukikichomelea leo, kesho kitapasuka pembeni. Kipya hupati, na ukikipata utauza shamba. Wewe tia heda. Kazi ya saa tatu."

Heda ni nini? Badala ya kile kipande kizito, ni mabomba sita ya chuma chembamba, kila silinda na bomba lake, yakateremka yakipinda kama mizizi ya mkoko, kisha yakakutana chini. Hebu fikiria msikiti siku ya Ijumaa. Sala imekwisha na watu wote wanatokea mlango mmoja: viatu vinakanyagwa, wazee wanasukumwa, na walio nyuma wanangoja. Sasa kila safu ipewe mlango wake na ujia wake mpaka barabarani. Watu watatoka bila kugongana. Tena moshi una jambo ambalo watu hawana. Kila pumzi itokayo kwa kishindo huacha nyuma yake mvuto unaoisaidia pumzi ya pili kutoka. Silinda za 2F huwaka kwa mpango wa 1-5-3-6-2-4. Ukitazama vizuri utaona ni moja ya mbele, moja ya nyuma, moja ya mbele, moja ya nyuma, kama wapiga matari wawili wanaopokezana. Kwa hiyo waundaji hukusanya tatu za mbele katika bomba moja na tatu za nyuma katika bomba la pili, na pumzi hazigombani njiani. Ni elimu safi, wala sina ugomvi nayo.

Ila hakuna aliyeniambia, nami sikujua kuuliza, kwamba faida ya elimu hiyo huonekana zaidi injini inapozunguka kwa kasi. 2F si injini ya kasi. Ni ya kuvuta polepole kwenye tope na mchanga, na mtu aliyepakia nazi mia tano hana shindano na mtu yeyote.

Jamaa yetu mmoja anafanya kazi Sharjah, mji wenye mitaa mizima ya vipuri vya magari. Nikamwagiza. Muuza duka aliapa kwamba heda ile ni ya 2F khasa, kwamba unafungua, unafunga, unaondoka, na kwamba petroli itapungua mpaka nishangae. Ikaja na mizigo ya watu, imeviringwa blanketi. Nilipoifunua ilikuwa inang'aa kama birika la harusini. Fedha nilizilipa kutoka katika kibubu ambacho mimi na dada tulikuwa tunawekea matairi mapya. Sikumuuliza. Nilijiambia kwamba nitamfurahisha petroli ikishuka.

Jambo moja lilitutia moyo. Uarabuni usukani uko kushoto, kwetu uko kulia. Moshi wa 2F hutokea ubavu wa kushoto wa injini, kwa hiyo mwenzetu wa Sharjah hulazimika kuyapenyeza mabomba yale karibu na chuma cha usukani wake, na sisi kwetu upande ule ni mweupe. Fundi akacheka, "Ami, tumebahatika." Bahati yetu yote iliishia hapo.

Kwanza zilikuwa stadi, yaani vile vijiti vya chuma vyenye uzi vilivyochomoza injinini kushika manifoldi. Mtu wa bara hajui hewa ya chumvi inavyofanya. Stadi zile zimekaa Likoni, Msambweni na juu ya feri miaka arubaini. Nati na stadi zimeungana zikawa kitu kimoja. Fundi alizimwagia mafuta, tukangoja usiku kucha. Asubuhi akazipasha kwa moto wa gesi, kisha akagusisha nta ya mshumaa penye uzi ili iyeyuke na kunywewa ndani. Hila hiyo ni nzuri, na nyingi zilitoka. Mbili zilikatika, tena zilikatika chini kabisa, hakuna pa kushika. Ya kwanza aliichomelea nati juu yake, akaizungusha, ikatoka kwa kulia kama mlango wa ghala. Ya pili ilikataa. Akaitoboa kwa keekee ya umeme, mkono ukateleza, tundu likaenda upande. Siku mbili zikapita tukihangaika na kijiti kisichofika urefu wa kidole gumba.

Siku ya nne tukaiweka heda mahali pake, na hapa namwomba msomaji anivumilie, maana ndipo penye roho ya kisa.

Katika magari mengi hewa huingia injini upande mmoja na moshi ukatokea upande wa pili. Katika 2F vyote viwili viko ubavu ule ule. Bomba la kuingizia hewa, lenye kabureta juu yake, na manifoldi ya moshi vimekaa bega kwa bega, vinalalia gasketi moja, na baadhi ya stadi wanazishiriki. Stadi husimama katikati ya masikio mawili, sikio la hewa na sikio la moshi, na washa moja nene hulala juu ya yote mawili. Ukikaza nati, washa inayabana yote kwa pamoja. Ni mpango mzuri kama masikio yana unene mmoja. Kiwandani yalikuwa na unene mmoja.

Heda ya Sharjah sikio lake lilikuwa jembamba kuliko lile la hewa, tofauti ya unene wa sarafu ya shilingi. Jambo dogo, utasema. Lakini washa ilikaa upande, ikalikandamiza sikio la hewa na kuliacha sikio la heda likipumua. Ukilegeza ili heda ishikwe, hewa inavuja. Ukikaza ili hewa ishikwe, moshi unavuja. Fundi akazikata washa katikati kama mwezi mchanga, akazipandisha upande mmoja kwa vipande vya bati, akakaza, akalegeza, akapiga tupa, akakaza tena. Nilikaa juu ya kiti cha plastiki nikimtazama, na kila alipoinuka kujinyosha alisema neno lile lile: "Tumekaribia, ami."

Mengine nitayapitia mbio. Bomba la silinda ya mwisho liligusa chesisi, likapigwa nyundo mpaka likabonyea, birika letu la harusi likapata kovu. Chini heda ilitoa midomo miwili na ekzosi yetu ilikuwa na mmoja, kwa hiyo ekzosi ikakatwa na mchomeleaji akaitwa. Sailensa ya zamani ikaoza mkononi mwake, tukanunua nyingine. Kila kitu kiliomba kingine, na kibubu cha matairi kikabaki na vumbi.

Siku ya nane, mwezi wa Ramadhani ukitazamiwa, injini iliwashwa. Ilinguruma, nasi tukashangilia, kisha tukasikiliza. Tiki-tiki-tiki. Ule ule mlio nilioulipia niuondoe. Fundi akasema hizo ni tapeti. Akafungua kifuniko, akazipima vali zote kumi na mbili, akafunga. Tiki-tiki-tiki. Tena injini ikiwa imesimama bila kukanyagwa petroli ilikuwa inapanda na kushuka kama mtu mwenye pumu, kwa sababu gasketi ile ile iliyovujisha moshi ilikuwa inanyonya hewa kwa upande wake wa pili.

Ningesimamisha gari hapo hapo. Lakini anayeuza nazi na muhogo anajua Ramadhani ni nini. Ni mwezi mmoja unaolisha miezi mitatu. Kila nyumba yataka nazi ya mchuzi, nazi ya mkate wa kumimina, muhogo wa futari, ndizi mbivu. Soko la Kongowea halingoji fundi. Nikasema, lile tiki-tiki halijamuua mtu. Maneno haya nayaandika kwa aibu.

Kelele ndiyo iliyonitangaza mwanzo. Nilikuwa naondoka Msambweni kabla ya alfajiri, watu wako kwenye daku, na gari likipita mlio wake ulitangulia kijiji kizima. Siku ya tatu mzee mmoja alinikamata mkono mlangoni mwa msikiti, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, zamani tulikuwa na wapiga ngoma za daku. Sasa kazi hiyo umepewa wewe?" Watu wakacheka, nami nikacheka, lakini asubuhi iliyofuata nilipita pale nikiwa nimetoa mguu kabisa kwenye petroli, nikinyapia kama mwizi.

Kisha ikaja feri. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi, nami katika foleni ya Likoni injini ikiwaka bila kwenda. Ukumbuke kwamba kabureta la 2F liko juu ya njia za moshi. Manifoldi ya kiwandani imeundwa ilipashe joto kidogo bomba la hewa, kwa faida ya watu wa nchi za baridi. Heda hailipashi pale penyewe, lakini mabomba yake sita membamba hutupa joto kila upande kama majiko sita. Na petroli, msomaji, haingoji joto la kuchemsha maji. Huanza kuchemka mapema zaidi. Nilipofika kwenye mteremko wa kuingilia chomboni, magari mbele, magari nyuma, injini ikakohoa mara mbili ikanyamaza. Petroli ilikuwa imegeuka mvuke ndani ya kabureta. Nikapiga starta, wapi! Honi zikaanza. Makuli wa mikokoteni wakaja kunisukuma, wamefunga, jasho linawatoka, na mmoja akaniuliza kama gari limekosa daku. Tuliliingiza chomboni kwa mikono. Katikati ya maji nilivua kikoi nilichojitanda mabegani, nikakilowesha, nikalifunika kabureta, na ng'ambo likawaka kama kwamba halikufanya kitu.

Yote hayo ningeyabeba. Lililonishinda lilitokea siku ya kumi na mbili ya Ramadhani.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Tulitoka Msambweni baada ya sala ya adhuhuri, mimi na mtoto wa dada, kijana wa miaka 14 ambaye hunisaidia kupakua mzigo shule zikifungwa. Kwa sababu ya mvua tulipandisha vioo vyote. Baada ya mwendo akaniambia, "Mjomba, kichwa kinaniuma." Nikamwambia ni saumu, avumilie, magharibi si mbali. Hata mimi kichwa kilikuwa kinanigonga, nikadhani ni kukosa kahawa. Akalala. Nikaona afadhali alale. Tulipokaribia Ng'ombeni nilimwita anishikie kitambaa nifute kioo, hakujibu. Nikamtikisa. Akafungua macho kama mtu atazamaye kitu cha mbali, kisha akatapika mapajani mwake.

Nilisimama kando ya barabara, nikafungua milango yote, nikamtoa nikamweka chini penye upepo na mvua ikitunyeshea. Miguu yangu mwenyewe ilikuwa inatetemeka. Alipoanza kusema maneno yaliyonyooka nilisimamisha gari la abiria, nikaliacha la kwetu pale na nazi zake, tukaenda zahanati. Mganga kijana aliyekuwa zamu alitusikiliza, akauliza swali moja: "Mlikuwa mmelala na jiko la makaa?" Nikasema hapana, tulikuwa garini. Akasema, "Basi gari lenu ndilo jiko." Wakamtia mtoto hewa ya chupa.

Alinieleza vizuri, nami nawaeleza wengine. Moshi wa gari una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu waliofunga madirisha na kuacha makaa yanawaka chumbani. Haina rangi, haina harufu. Damu yetu huipokea kwa nguvu kupita mara mia mbili ya inavyoipokea oksijeni, kwa hiyo hata ikiwa kidogo hukaa mahali pa pumzi njema. Kichwa huuma, usingizi huja, na anayelala asipate mtu wa kumwamsha hulala moja kwa moja. Silinda ya sita ndiyo iliyo karibu zaidi na kiti chetu, na penye silinda ya sita ndipo heda ilipokuwa inavuja kuliko popote. Ukuta wa chuma kati ya injini na sisi ulikuwa na matundu mawili ya nyaya za zamani, na mpira wa gia ulikuwa umepasuka. Siku za jua vioo viko wazi, upepo ulikuwa unatuokoa bila sisi kujua.

Dada alifika jioni kwa tuktuk. Alimtazama mwanawe, akampapasa kichwa, akamsikiliza mganga mpaka mwisho. Tulifuturu pale pale barazani kwa tende na maji. Hakupandisha sauti. Alisema, "Kaka, katika gari lile mimi nina theluthi. Katika mtoto huyu nina mzima." Kisha akauliza fedha za matairi ziko wapi.

Nilimweleza yote. Sikuona pa kujificha.

Gari lilivutwa mpaka Likoni, likakaa siku sita bila kuguswa. Ramadhani inakwenda, Kongowea inakwenda, nazi zangu zinabebwa na watu wengine. Dada ndiye aliyempigia simu mtu ambaye mimi nilikuwa nimemsahau kabisa, mzee mmoja wa Changamwe aliyefanya kazi ya vyuma bandarini miaka mingi, aliyekuwa akimtengenezea baba. Mzee aliuliza jambo moja tu: manifoldi ya zamani iko wapi? Tukaikuta gereji chini ya mwembe, fundi wangu ameiweka kuwa kigingi cha gurudumu la basi.

Tulikwenda naye Changamwe, mimi na yule kijana, chuma tumekibeba katika gunia. "Shikamoo, babu." "Marahaba. Kiwekeni hapo." Alikigongagonga kwa nyundo ndogo kutoka ncha moja mpaka nyingine, ameinamisha sikio. Chuma kizima hulia kama kengele. Penye ufa hulia kama mtungi uliopasuka. Alipouona mwisho wa ufa aliutia alama ya chaki, kisha akatoboa kijitundu pale ili usiendelee mbele. Nikamwambia tuliambiwa chuma cha kusubu hakichomelewi. Akamtazama kijana, si kwa dharau, akasema, "Hakichomelewi na mwenye haraka."

Alikiweka juu ya makaa, akakipasha taratibu chote kizima, si penye ufa peke yake, kwa maana sehemu moja ikiwa moto na nyingine baridi ndipo kinapopasuka upya. Alikichomelea kwa vijiti vya nikeli, kipande kifupi kifupi, na kila akimaliza kipande anakigongagonga polepole. Hakikuwekwa mahali pa upepo. Alikizika ndani ya pipa la jivu la moto, akafunika, akatuambia turudi kesho alasiri. Kijana alikaa naye mpaka adhana ya magharibi akimpokeza vijiti. Sikumsikia akisema "tumekaribia" hata mara moja.

Kesho yake mzee alifanya jambo ambalo hata kama heda yangu ingekuwa ya dhahabu lilipasa lifanywe. Alilifunga bomba la hewa na manifoldi pamoja, kama vinavyokaa injinini, akavipeleka kwa mwenye mashini ya kuchongea, nyuso zote zikachongwa kwa mkupuo mmoja zikawa sawasawa. Akaweka rula ya chuma juu yake, akanionyesha kwamba hata karatasi haipiti. Lile tundu la stadi lililokwenda upande alilijaza akalitoboa upya, katikati. Gasketi mpya, washa nene za unene mmoja. Alianza kukaza katikati akaenda pembeni, kidogo kidogo, akawasha injini mpaka ikapata moto, akaizima, akangoja ipoe, akakaza tena. Kijana wangu aliziba matundu ya ukuta na kutia mpira mpya wa gia bila kuambiwa, na hakutaka malipo yake. Mwisho mzee aliziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kinene, akaweka mpira wa maji sikioni, akaupitisha ncha yake kandokando ya gasketi yote akisikiliza. Alinipa nami nisikilize. Sikusikia kitu.

Gharama yote haikufika nusu ya heda. Niliitoa mfukoni mwangu, na theluthi ya fedha zilizopotea nikampelekea dada Msambweni. Alizihesabu, akanirudishia, akaniambia nizirejeshe kwenye kibubu cha matairi, na kwamba ufunguo wa kibubu tangu siku hiyo utakaa kwake. Mwanawe hakupanda gari mpaka baada ya Idi. Siku aliyopanda alishusha kioo chake chote kabla hatujaondoka, nami nikashusha changu, ijapokuwa kulikuwa na manyunyu.

Heda niliitundika uani juu ya msumari. Kutu ilianza penye kovu la nyundo, ikashuka kwenye maungio, na kabla ya mwezi wa Haji haikuwa inang'aa tena. Siku moja alikuja kijana kutoka Ukunda mwenye gari la aina ile ile, amesikia habari zake. Kuuza kitu na kuficha aibu yake hatukufundishwa, basi nilimkalisha, nikamtilia chai, nikamweleza kila kitu: sikio jembamba, washa zilizokatwa, feri, mvua, mtoto. Nikamwonyesha kwa kidole mahali bomba lilipobonyea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, akanywa chai yake yote.

Kisha akauliza bei. Theluthi niliipeleka Msambweni siku ile ile.